Namba ya Kubipiwa

"Hii ikibipiwa inafanyaje?"

Michael aliacha kubofya kompyuta. Tangu afungue duka la laini jirani na stendi ya Singida, alikuwa ameulizwa mengi kuhusu namba za biashara. Hilo hakuwahi.

"Haibipiki, mama. Namba ya bure ndivyo ilivyo. Mteja akipiga tu, mtambo unapokea hapo hapo. Karibu Kuku wa Kienyeji, bonyeza moja, bonyeza mbili."

"Mtambo."

"Mtambo, mama. Haulali, hauendi msalani."

Severina hakucheka. Alikaa kwenye stuli ya plastiki, simu yake ya vitufe ameifumbata kwa mikono miwili kama kifaranga. Pembeni alisimama Rahel, mke wa mwanawe, aliyekuwa ameshaamua kabla hawajatoka nyumbani.

"Tupe hiyo," Rahel alisema.

"Ngoja dada, nimalize, msije mkanilaumu. Ya bure haipokei meseji. Ya mezani nayo ni sauti tu. Ipo ya kutuma meseji kwa jina la biashara, lakini mteja hawezi kuijibu wala kuipigia. Ukitaka yote mawili, kupigiwa na kuandikiwa, ni laini ya kawaida tu. Wateja wenu wanapenda nini?"

"Wanapenda kupokelewa. Wa Dodoma alipiga jioni, anataka kuku wa harusi. Mama akakata. Akapiga tena, mama akakata. Akaenda kununua kwa mama Elina."

Michael alishika kichwa. "Mama! Unakata wateja?"

"Jioni simu yangu ina mtu wake."

Ndipo akaelezwa. Antipasi, mtoto wa pekee wa Severina, alikwenda Rungwa kutundika mizinga ya nyuki, mvua za mwaka juzi. Anakokaa, mtandao mpaka upande kilimani. Vocha hana. Jua likizama anabip mara moja, anakata. Basi.

"Na ukimpigia?"

"Hapatikani. Anakuwa ameshashuka."

"Mwaka wa pili huu, bip tu?" Michael alimgeukia Rahel, meno nje. "Shemeji yetu huyo bahili! Na wewe anakubip?"

"Hapana." Alijibu kama mtu aliyeulizwa iwapo nje kuna mvua.

Michael akajikohoza. "Basi dawa si ngumu. Chukueni namba mpya ya biashara, hii ya mama ibaki na mwanawe."

"Hapana," alisema Rahel. "Hii imeandikwa kwenye matenga yote. Wateja wote wanaijua. Kila anayeipiga ahamishiwe kwenye mtambo."

"Kila anayepiga? Hata..."

"Hata yeye."

Nje, kondakta aliita abiria wa Manyoni mpaka sauti ikamkauka. Severina alimtazama mkwewe usoni, bila hasira. Rahel alitazama ukutani, kwenye bango la msichana anayecheka na simu.

"Umechoka," Severina alisema.

"Nimechoka, mama."

"Najua." Akamgeukia Michael. "Kijana, tupe laini ya kawaida. Ya kupigiana na kuandikiana. Hiyo iwe ya kuku, akae nayo Rahel. Matenga tutayaandika upya. Hii yangu usiiguse. Nikiiona ile bip, najua mwanangu yupo. Jioni isipofika, nitajua ameniacha."

Rahel hakubisha. Aliweka kidole gumba kwenye mashine ya usajili. Mashine ikakataa, kidole kilikuwa kimekwanguka kwa kazi. Akakifuta kwenye kanga, akarudia, ikakubali. Hakusikia chochote, si hasira wala ahueni. Alisikia tu kanga ikimkwaruza.

"Lete simu nikuwekee," Michael alisema. "Hiyo yako si ya laini mbili?"

"Imejaa."

"Mbili zote? Dada, wewe ni tajiri kimyakimya!"

"Nifungie kwenye karatasi. Nitatafuta simu nyingine."

Walirudi nyumbani kwa miguu, upande wa ziwa Kindai, mama mbele, mkwe nyuma. Njiani Severina alisimama mara moja tu, akamsubiri Rahel amfikie, kisha wakaendelea.

Jua lilipoanza kujificha nyuma ya majabali, Severina alikuwa jikoni akisonga ugali. Rahel alitoka kwenda kufunga banda la kuku, kama kila jioni. Alihakikisha jogoo ameingia, akaegesha jiwe mlangoni. Kisha akazunguka nyuma ya banda, akatoa simu yake.

Laini ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ililetwa mwaka jana na kondakta wa basi la Rungwa, imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Antipasi mwenyewe, kondakta alisema huku akitazama pembeni, kavuka kwenda Chunya na mke mwingine. Kasema haihitaji tena. Rahel alimshukuru kondakta, akarudi uani kupura alizeti. Hakumwambia mtu.

Akaiwasha laini ya pili. Akatafuta "Mama", akabonyeza. Ikaita mara moja. Akakata, akaizima.

Alikuwa bado ameegemea banda, macho yapo tu, sauti ilipotoka jikoni.

"Imefika, mwanangu. Haya, ingia ule, ugali unapoa."