Neno la Herufi Nane

Taa ya kijani ilipepesa mara mbili, ikazima. Ikapepesa tena mara mbili, ikazima, kama mtu anayebisha hodi asipate wa kumkaribisha.

Loisi aliiona kabla ya kitu kingine. Kisha akausikia ukimya: feni haizunguki. Akaweka kiganja juu ya kioo cha mashine ya kutotolesha vifaranga. Kilikuwa kimepoa.

Ndani mlikuwa na mayai mia mbili na arobaini. Ugonjwa wa kideri ulipofagia mabanda ya kuku ya Itaka, kina mama waliokota mayai yaliyosalia wakamletea, kila mmoja na alama yake ya mkaa kwenye ganda. Kijijini hakukuwa tena na kuku wa kuyaatamia. Leo ilikuwa siku ya kumi na nane. Bado tatu.

Fanuel, mumewe, aliyeiunda mashine ile, alikuwa Zambia, na simu yake haikupatikana tangu juzi. Loisi akampigia Osea, fundi kompyuta wa Tunduma, aliyemfundisha Fanuel kazi.

"Shemeji! Leo jua limechomoza wapi, hata wewe unapiga simu?"

"Mashine imekufa. Mayai yanapoa."

"Joto?"

"Thelathini na nne." Ilitakiwa thelathini na saba na nusu.

Utani wa Osea ukakatika. "Washa kompyuta ya Fanuel, ile iliyounganishwa na mashine. Nisomee kilichoandikwa."

Loisi akasoma polepole. "Siku ya kumi na nane. Mstari wa arobaini na moja. Imeita..." Akaruka neno moja. "Haijapatikana."

"Imeita nini?"

"Kuna neno."

"Basi lisome."

Neno lilikuwa mbele yake, herufi nane. Alilitazama mpaka macho yakamwasha.

"Siwezi."

"Shule uliishia darasa la ngapi, shemeji?"

"La tano."

"Si haba. Anza na silabi ya kwanza. Mimi sina fimbo."

Loisi akafungua mdomo. Akaufunga tena.

Itaka nzima ilimjua kwa aibu yake. Muuza chumvi wa gulioni alikuwa na jina, na watu wote walimwita kwalo, lakini Loisi huu mwaka wa tatu alimwita Mwenye Chumvi tu. Wenzake walicheka wakachoka.

Nje, baba mkwe wake alikuwa akipepea jiko la mkaa. Kwa mila yao, mkwe hakulitamka wala kuliandika jina la baba mkwe, hata likiwa la mtu mwingine. Naye mzee hakuwa na desturi ya kuingia chumba alichomo mkwewe, wala kusema naye uso kwa uso. Alisema na mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa kahawa.

"We mbuzi, kama kuna mtu humo ndani, mwambie makaa yameshika."

Loisi alingoja nyayo ziondoke mlangoni, ndipo akalivuta jiko ndani. Mzee akawasha la pili. Lakini ile ilikuwa baridi ya Julai, na kibanda kilikuwa cha mabanzi. Thelathini na tatu.

"Sikiliza," Osea alisema. "Mle ndani kuna lugha mbili. Ya chini ni ngumu, ndiyo inayoshika vyuma: feni, waya wa moto. Ya juu ni nyepesi, ndiyo yenye maarifa: joto liwe ngapi, mayai yageuzwe lini. Ile ya chini haijui kitu. Inaita kazi iliyo kule juu kwa jina lake, nayo ikiitika, mambo yanakwenda. Ile ya juu aliiandika nani?"

"Mimi. Fanuel alikuwa analehemu. Alitaja, nikaandika."

Aliikumbuka siku ile. Kila kazi Fanuel aliipa jina la mtu. Pendo wa kugeuza mayai. Watson wa feni. Ya siku tatu za mwisho, iliyo nzito kuliko zote, aliitajia jina huku akitabasamu. Hapo vidole vya Loisi vilisita, kisha vikaendelea.

"Mbona siku kumi na saba ilikwenda vizuri?"

"Kwa sababu hiyo haijaitwa mpaka leo. Lugha nyepesi haikagui mapema. Siku ya kuitwa ndiyo siku ya kuumbuka."

Loisi akapunguza sauti. "Na kama imeandikwa kwa jina jingine? La heshima?"

"Kompyuta haina heshima, shemeji! Ni jina lile lile, herufi kwa herufi, au hakuna. Nisomee hilo neno, nikuongoze uliandike. Tunachelewa!"

Thelathini na mbili.

Akafungua mlango wa mashine, akachukua yai lenye msalaba wa mkaa, la mjane Imelda, akaliweka sikioni. Ndani kitu kilisogea. Kikatulia. Kikasogea tena, kwa unyonge.

"Shemeji, kama kusoma kumekushinda, toka umwite yeyote anayejua! Hakuna mtu hapo?"

Alikuwapo mzee, peke yake. Pepeo lake lilisikika, fu, fu, fu.

"Loisi! Unataka kuwazika wote?"

Alilirudisha yai, akafunga mlango wa mashine taratibu. Akafumba macho.

"Lusubilo," alisema, kwa sauti kubwa ambayo hata yeye hakuijua. "Ni Lusubilo. Mimi niliandika Mzee."

Pepeo likanyamaza.

"Naam, mwanangu," baba mkwe wake akaitika.