Urithi wa Bi Mwanakombo

Siku hizi muuguzi akistaafu, ujuzi wake wote huhamishiwa kichwani mwa mrithi, naye mstaafu habaki na hata chembe, wala hakumbuki kwamba aliwahi kuwa nao. Bi Mwanakombo wa kitengo cha dharura alimrithisha bintiye, Shamsa.

Jioni moja Shamsa alirudi nyumbani uso umemchangamka.

“Mama, mgonjwa wangu wa mashine ya kupumulia leo anapumua mwenyewe! Hakupata nimonia. Nilimwinulia kitanda upande wa kichwa, nikamsafisha kinywa kila zamu, na mikono sikuacha kunawa.”

Bi Mwanakombo alimkumbatia, machozi ya furaha yakimtoka.

“Hongera, mwanangu! Umenipa fahari. Nani alikufundisha yote hayo?”

“Si wewe, mama?”

Bi Mwanakombo akacheka sana, akamwambia aache utani. Shamsa akacheka naye, akageuzia uso dirishani.