Ngiri Aliyetumwa kwa Pimbi

Alikuwapo Tembo, mkubwa wa bonde zima, aliyetaka urafiki na pimbi wa milima ya mbali, kwa sababu kiangazi chemchemi zilibaki kwao tu. Alimtuma Twiga mara mbili na hotuba nzuri, lakini pimbi waliingia mapangoni wasitoke. Mara ya tatu akamtuma Ngiri, akamkaririsha hotuba ile ile.

Ngiri alisafiri siku tisa, akafika na kukuta kilio. Bi Sekela, mama wa kipimbi, alikuwa amefiwa na mwanawe, na ardhi ilikuwa imekauka hata vikucha vya pimbi vikashindwa kuchimba kaburi. Ngiri alipiga magoti, akachimba kwa pua na meno mpaka jua likachwa, kisha akakaa matanga pamoja nao.

Siku ya nne Bi Sekela akamuuliza, "Baba, ulikuja na neno gani?"

"Nilikuja na hotuba, mama," Ngiri akajibu kwa haya. "Nimeona si mahali pake."

"Basi mwambie aliyekutuma aje mwenyewe. Tutamsikiliza."

Ngiri alirudi akiogopa kugombezwa, maana hakuleta mkataba wowote. Akasimulia yote. Tembo akainamisha kichwa.

"Huyo mtoto aliitwa nani?"

"Aliitwa Lusajo."

Kesho yake Tembo akashika njia ya milimani bila hotuba wala zawadi, akilitaja jina hilo kimoyomoyo kila hatua, asije akalisahau.