Sufuria ya Tingo

"Huyu hali mtu akimtazama," Tabia alimwambia Mzee Kisanga, akiweka chini sufuria ya mbwa wake. Tangu amwokote Tingo jalalani, miaka minne sasa, Tabia amekuwa akimgeuzia mgongo kila mbwa anapokula. Mbwa amezeeka, ngazi za kwa Tabia zinamshinda, ndiyo maana amemtafutia nyumba hii ya mzee yenye uwanja.

Mzee alichuchumaa akamtazama. Tingo akala mpaka akalamba sufuria, kisha akalaza kichwa juu ya kiatu cha mzee.

"Kwangu hajawahi," Tabia alisema. "Sufuria naondoka nayo."

Mzee aliiosha, akaona haya kuirudisha tupu, akatia mayai sita.

Alipofika getini, Tabia alipiga mluzi aliozoea kumwitia Tingo saa ya chakula, kwa sauti ya chini, mzee asisikie. Sikio moja la Tingo likasimama.