Kurasa za Kufungia Karanga

Mwalimu mkuu aliviuza vitabu vya katuni kwa kilo, eti vinapumbaza watoto, na Mzee Kibwana akavinunua avichane afungie karanga. Mjukuu wake Mwanakheri, ambaye shule hiyohiyo ilisema ana kichwa kizito ikamrudisha darasa mara mbili, alichuchumaa kando yake akizikodolea macho picha.

"Bata anamwambia polisi, 'Ni-pe... ko-fia... yangu!'" alisoma, kidole kikifuata maneno.

Mzee akaacha kukunja. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyesoma neno nyumbani kwake.

"Nani kakufundisha?"

"Bata. Ukimwangalia uso unajua anataka kusema nini." Akageuza karatasi. "Babu, ukurasa unaofuata uko wapi?"

"Nimemfungia fundi baiskeli."

"Sasa polisi alimjibuje?"

"Wakubwa wana jibu gani, mke wangu?"

Mteja akafika, akataka karanga za moto. Mzee alizitazama karatasi zilizobaki, kisha akazisukuma zote mapajani kwa mtoto.

"Kinga mikono, bwana."

Akammiminia viganjani. Mteja akabaki amesimama, mikono imejaa, akisikiliza sauti ndogo ikijikongoja neno kwa neno.