Kigunduzi cha Shemeji

Kati ya Kasongo na Kabambare hakuna rada ya kupima mwendo wa magari. Polisi huwasimamisha watu kwa mwanzi uliolazwa njiani. Hata hivyo, shemeji wa Bushiri alibandika kigunduzi cha rada, kifaa kinacholia rada ikiwa karibu, kwenye kioo cha jeep yake, na abiria wakaanza kuigombea.

Bushiri, mwenye jeep pia, hakuihofia rada yoyote. Kilichomchoma ni jinsi abiria walivyoinama kukitazama kile kitaa chekundu cha kigunduzi.

"Ile iko mchezo ya watoto," alisema kila siku sokoni. "Huku itaona nini? Mbuzi?"

Leo jeep zao zilikutana uso kwa uso kwenye mwanzi wa Lusangi. Kwa mara ya kwanza, kigunduzi kikalia.

"Shemeji, sikia!" mwenye kigunduzi aliita dirishani. "Mbuzi iko karibu!"

Abiria wa pande zote mbili walicheka.

Shemeji, akiwa ameridhika, alibonyeza kitufe cha kunyamazisha mlio wa kigunduzi chake.

Mlio uliendelea. Ulitoka chini ya kiti cha Bushiri, ambako kigunduzi kingine, kipya, kilikuwa kikihisiana na kile cha shemeji.