Mbio za Hariri

Katika kila shindano Nasoro alipima muda wa kila farasi, kisha akazingatia matope na uzito wa mpandaji. Ndivyo alivyojua kwamba Hariri, aliyemaliza wa sita juzi, alikuwa na kasi kuliko wote. Wachezesha kamari hawakulijua hilo. Waliahidi kulipa mara ishirini akishinda.

Asubuhi ya mashindano Bi Mwanaidi, mwenye farasi huyo, alimjia.

"Kaka Nasoro, wewe ndiye unayepima. Kuna mtu anamtaka Hariri. Nimuuze?"

Angesema kweli, habari zingeenea na malipo yangeshuka kabla hajaweka dau lake.

"Muuze, dada. Hana mbio."

Akamuuza kabla ya adhuhuri. Alasiri Hariri aliwaacha wenzake mbali, na tikiti ya kamari ikaloa jasho mkononi mwa Nasoro.

Bi Mwanaidi akaja na ndoo ya maji, akitabasamu, macho mekundu.

"Kumbe tulikosea sote, kaka. Hebu nishikie, tumpelekee. Hanywi maji ya mtu asiyemzoea."

Nasoro alitaka kukiri. Badala yake aliipokea ndoo kwa mikono miwili, akamfuata, maji yakimmwagikia miguuni.